Mvua ya Liru Niliyoipangia Saa

Leo nimepata aibu ya kuhama mji. Si ile ya kujikwaa sokoni, watu wakacheka kisha wakaendelea na bei zao. Hii ni ya kuhama mji kabisa, na huko nitakakohamia nibadilishe na jina.

Nawaandikia nyinyi jamaa zangu wa Onduparaka, hapo jirani na Arua, jioni hii kwa sababu lori la Arua linaondoka kesho alfajiri, na dereva wake ameshasikia. Nimeona alivyonitazama. Afadhali habari mzipate kwangu kabla hajazitia chumvi. (Ingawa sijui ataitia wapi. Chumvi imeshajaa.)

Mnajua habari ya Zaitun. Jumapili ijayo wazee wangu wanakwenda kwao kuposa. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni mama yake. Na anayeweza kumwambia mama huyo neno likamwingia ni mtu mmoja tu, kaka yake Zaitun, Ramadhani, yule fundi cherehani wa hapo Arua. Juzi Ramadhani akafika huku kwetu Koboko. Alisema amekuja kusalimia. Hakuja kusalimia. Alikuja kunipima, na hata watoto wa jirani walijua.

Katika mazungumzo akasema kwamba tangu turudi kutoka ukimbizini hajawahi kupanda mlima Liru. Nikaona mlango umejifungua wenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, mtu wa Liru ni mimi." (Nilikuwa nimepanda mara mbili. Mara ya pili nilikuwa namfuata ng'ombe aliyepotea.)

"Na mvua?" akauliza. "Mwezi hii mvua ya mchana iko mbaya. Radi iko napiga watu."

"Mvua niachie mimi."

Hapo ndipo nilipojichimbia. Mnajua baba yangu alikuwa mwanajeshi. Nyumbani kwetu hata uji ulinywewa kwa saa. Basi nami nikamweleza Ramadhani mpango wangu kwa vidole, kama naongoza vita. Mvua ya Koboko msimu huu ni kama karani wa serikali, asubuhi haji kazini. Asubuhi mbingu ni safi. Adhuhuri mawingu yanaanza kujipanga upande wa Zaire. Ikifika saa nane yanashuka na radi zake zote. Kwa hiyo mwenye akili anaondoka nyumbani saa moja asubuhi, saa nne yuko kileleni, saa tano anageuka. Mvua ikija inamkuta mkekani anakunywa chai.

"Twende keshokutwa," nikamwambia. "Kesho nina safari ya Ariwara, ng'ambo ya Zaire, kununua minyororo ya baiskeli. Wewe njoo kwangu saa moja kamili, mambo mengine yote yako hapa." Nikagonga saa yangu ya mkono. Akaitikia kwa kichwa. Mimi nikajiona nimeshaingia kwenye ukoo.

Jana nikaenda Ariwara, nikarudi jioni nimechoka, nikalala na saa mkononi.

Leo asubuhi nafungua mlango, Ramadhani huyu hapa, ameketi kwenye jiwe, baiskeli yake imeegemea ukuta. Natazama saa, saa moja bado kabisa. Nikasema moyoni, mtu wa mjini huyu, ameamka mapema kwa hamu ya mlima. Nikamkaribisha chai. Nikaoga taratibu. Nikapaka mafuta. Yeye anatazama mbingu, mara anatazama kikombe chake. Mgeni aliyekuja kukupima hawezi kukuambia unachelewa. Saa moja kamili kwa saa yangu, tukaondoka kwa baiskeli, kila mtu na yake, tukaziacha chini ya mlima.

Sasa nivumilieni niwaambie nilivyovaa, maana nguo zina sehemu yake katika kisa hiki. Juu nilivaa jezi yenu nyekundu mliyoniazima, nipendeze. Chini, suruali ya baba ya enzi zake. Baba ana tumbo, mimi sina, basi nikaifunga kwa mkanda wake wa jeshi, ule wenye bizimu kubwa la shaba. Na ndani kabisa, chupi ambayo mama alinishonea kwa gunia la unga wa msaada tulipokuwa ukimbizini. Ni kitambaa kigumu, hakiishi. Maandishi yake ya kusema chakula hiki si cha kuuza bado yanasomeka nyuma. (Nilijiambia, nani atayaona?)

Tulifika kileleni vizuri. Nilimwonyesha Ramadhani Zaire, nikamwonyesha Sudan, utadhani ni mashamba yetu. Tukala muhogo na karanga. Saa yangu ikasema saa tano, wakati wa kugeuka, lakini nilikuwa katikati ya hadithi inayonisifu, nikaona tukikaa kidogo zaidi hakuna ubaya, na hadithi ikazaa hadithi.

Ramadhani akanyoosha kidole. "Shemeji, wingu ile iko namna gani?"

"Iko mbali. Iko Zaire."

"Zaire yenyewe iko hapo tu."

"Mvua ni saa nane, shemeji. Sasa ni saa sita na nusu."

Akatazama juu, akatazama kivuli chake. "Jua nimeona kama imepita kichwa."

Nikamweleza kwamba mtu akiwa mlimani jua huonekana limesogea. (Sijui maneno haya niliyatoa wapi. Hata mimi niliyasikia kwa mara ya kwanza.) Akanitazama muda mrefu kidogo. Kisha akafunga karanga zake kwenye karatasi ya nailoni, akasimama. Nami nikasimama, ili ionekane ni mimi niliyeamua.

Hatukufika mbali. Upepo ulikuja kwanza, wa baridi. Kisha radi ikapiga upande wa pili wa mlima, na mimi, kamanda wa safari, nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye nyasi. Ramadhani alikuwa bado amesimama.

"Toa jezi," akasema. "Radi napenda nyekundu."

Nyinyi mnajua kwetu hakuna anayebishana na hilo. Nikaivua nikaitupa, ikanasa kwenye mti wa miba, na iko huko mpaka sasa. Samahani. Radi ikapiga tena.

"Na chuma iko wapi?"

Nikafungua mkanda wa baba nikauvurumisha bondeni. Suruali ikaanza kushuka, nikaishika kwa mikono miwili.

"Na saa?"

"Saa siwezi," nikamwambia. "Saa ndiyo inatuongoza."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na leo hata mawe yaliteleza. Mvua ilitupiga kama ina kisasi nasi. Ramadhani alishuka kwa miguu. Mimi nilishuka kwa makalio, kifua wazi, mikono kiunoni, nikitamka kila dua niliyofundishwa na nyingine za kubahatisha. Njia nzima nilikuwa namlalamikia Mungu kwamba mvua imekuja kabla ya wakati wake.

Chini ya mlima kuna nyumba ya mama mdogo wa Zaitun, ndugu wa mama yake tumbo moja. Ramadhani akasema tuingie jikoni kwake. Nikasita, nimevaa vile, lakini radi ikaniamulia. Tukainama tukaingia. Ndani giza na moshi. Nikasikia sauti za wanawake wanaobangua karanga, nikatoa salamu, wakaitikia.

"Kaa karibu na moto, mutoto yangu," akasema mama mdogo. Mtu mwema sana yule mama. Sina kinyongo naye. Akamimina chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akaninyooshea.

Sasa nyinyi mmelelewa kama mimi. Mtu mzima akikupa kitu, unapokeaje? Unainama kidogo, unapokea kwa mikono miwili. Hakuna mama wa huku kwetu West Nile ambaye hajampiga mtoto wake kofi kwa jambo hilo. Mwili wangu ulifanya wenyewe, mimi sikuulizwa. Nikainama. Nikanyoosha mikono miwili. Nikapokea chai.

Suruali ya baba ikafika sakafuni.

Chai haikumwagika, ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Hilo nalo lilinimaliza, kwa sababu sikuweza kuinama kuivuta suruali bila kuwamwagia watu chai ya moto. Nikasimama hapo, nimeinamia mama mdogo kwa heshima zote, na maandishi ya gunia yameelekea mlangoni. Ramadhani, ambaye yuko nyuma yangu, ambaye kazi yake ni nguo, akasema polepole, "Mshono iko nguvu."

Hapo ndipo niliposikia mtu akivuta pumzi pembeni ya mlango. Nikageuza kichwa. Mwanamke ameketi pale juu ya mkeka, na uso wake wote ameufunika kwa ungo.

Jamani. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hakuna mwanamke mwingine wa Koboko ambaye angejifunika ungo kwa ajili yangu. Mama yake Zaitun alikuwa amekuja kumsaidia ndugu yake kubangua karanga tangu asubuhi.

Nilitaka kutoka. Wallahi nilitaka kutoka. Lakini nje radi inapiga, na miguu yangu imefungwa na suruali kama mbuzi wa mnadani. Mama mdogo akanipokonya kikombe, nikavuta suruali, akanitupia kitenge chake nikajifunga. Kisha nikakaa chini nimeelekea ukuta. Ukuta ule naujua sasa kuliko chumba changu.

Sauti ikatoka nyuma ya ungo. Haikusema na mimi, kwa sababu haisemi na mimi. Ilisema na ndugu yake.

"Dada. Uliza ye, hii mwezi watu yote najua mvua ya saa nane. Ye hajui?"

Mama mdogo akanigeukia. "Nasema, hujui mvua ya saa nane?"

Nikauambia ukuta, "Najua, mama mdogo. Mwambie hii imekuja mapema. Sasa hivi ni saa saba na nusu."

Karanga zikaacha kubanguliwa.

"Mwambie adhuhuri tumeswali zamani," ikasema sauti. "Saa nane imepita."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nionyeshe saa yangu. Bado nilikuwa na kiburi, fikirini. Ramadhani akaushika mkono, akaitazama saa, akaisogeza kwenye mwanga wa moto, akaitazama tena.

"Shemeji. Jana ulivuka kwenda Ariwara."

"Ndiyo."

"Saa ulirudisha nyuma?"

Bila shaka niliirudisha. Zaire wako nyuma yetu saa nzima, na lori la kurudi huondoka kwa saa yao. Hakuna mchuuzi wa Koboko anayevuka mpaka bila kugeuza saa. Kila mtu hugeuza akienda. Na kila mtu hugeuza akirudi.

Kila mtu isipokuwa mimi.

Nikauvuta mkono wangu, nikauficha ndani ya kitenge. Jibu lilikuwa limekaa pale katikati yetu, linajulikana na wote. Ramadhani akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Ndiyo maana asubuhi nilikaa kwenye jiwe ile mpaka baridi ikaisha." Kisha nikasikia mlio mdogo nyuma yangu. Ni ungo. Ulikuwa unatetemeka kwa kicheko mpaka unagonga ukuta.

Nilifikiri mambo yameishia hapo, Zaitun nimemkosa, na niwe mkweli, machozi yalinilenga. Tangu turudi sijataka kitu kama ninavyomtaka msichana yule. Nilitaka niwape sababu ya kunipenda, nikawapa ile. Mvua ilipopungua, wale ndugu wawili wakanong'onezana kwa Kikakwa. Kisha mama mdogo akakohoa.

"Dada yangu nasema hivi. Posa iko. Mutu ya kupokea chai na mikono mbili wakati suruali naanguka, ye alilelewa."

Nikageuka nusu kwa furaha. Ungo ukapanda juu haraka. Nikarudi ukutani.

"Lakini mama ya bibi yako ameona kitu hakupaswa kuona. Hiyo naondoka na mbuzi. Mbuzi ya kuosha macho. Kabla ya Jumapili. Na baba yako mwenyewe nakuja naye, mchana, kwa njia ya soko, watu waone mambo imesafishwa."

Kwa njia ya soko! Kila mtu Koboko anajua mbuzi wa kuosha macho anatolewa kwa kosa gani. Wasiojua wataambiwa na wanaojua.

Nimerudi nyumbani kwa baiskeli, nimejifunga kitenge cha mama mdogo, nikapita mbele ya msikiti watu wanatoka alasiri. Nikamkuta baba amekaa uani. Nikamsimulia kila kitu nikiwa nimesimama wima, kama alivyotufundisha. Alisikiliza bila kukatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu. "Umetupa mkanda wangu wa jeshi kwa sababu ya mvua?"

Hajasema nami tena tangu hapo. Sasa yuko nyuma ya nyumba, nasikia anakagua mbuzi mmoja mmoja, na nahofia anachagua yule mwenye kelele.

Basi, ndugu zangu, mmesikia kwangu. Wiki hii mkija Koboko mkakutana na mzee mmoja amenyooka kama yuko gwarideni, anavuta mbuzi katikati ya soko, na kijana nyuma yake anatazama vidole vyake vya miguu, wapisheni. Msimsalimie mzee, msimsalimie kijana, na tafadhali sana, msimuulize mbuzi kitu.