Siku Breki Alipokufa Makindye

"Mwalimu, kule Mombasa breki zikifa watu wanapiga kelele gani?"

Aliyeuliza ni Laker, binti wa polisi Okeny wa nyumba ya pili, mtoto wa miaka kumi mwenye macho makubwa kama taa za lori na mdomo usio na kufuli. Aliyeulizwa ni Mwalimu Erinayo, aliyekuwa kitandani mguu umevaa plasta, mkono umevaa bendeji ya shingoni, na kichwa hakijavaa hata unywele mmoja. Mwalimu alifumba macho akakoroma, tena saa nne ya asubuhi!

Yalianzaje? Sikilizeni.

Makindye nzima, kilima kile cha Kampala, hapakuwa na mtu aliyekijua Kiswahili kama Mwalimu Erinayo. Alisema mwenyewe! Serikali ya wanajeshi ilipotangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na watu walipogundua kwamba ukimjibu askari Kiluganda kwenye kizuizi unaweza kumalizia mazungumzo ndani ya buti la gari, Erinayo alifungua darasa uani kwake. Alidai kwamba alikaa Mombasa miaka miwili, Kiswahili akakinywa kama uji.

"Mwalimu, kiti amevunjika," mwanafunzi akisema, Erinayo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Amevunjika? Kiti ana mama? Kiti ameoa? Kiti KI-mevunjika! Ngeli, ndugu zangu, ngeli! Mtu asiye na ngeli ni sawa na mtu asiye na suruali!"

Hata mkewe Hortense, mzaliwa wa Butembo kule Kongo, aliyesema Kiswahili kabla hajaota meno, hakusalimika.

"Baba, chakula iko tayari."

"KIKO tayari!"

"Haya, kiite kikulishe."

Basi, Mwalimu akasikia kwamba ofisi moja mjini inatafuta mkalimani. Akapiga tai, akapaka mafuta usoni mpaka akang'aa kama sufuria ya arusi, akamtoa baiskeli wake mweusi aliyeitwa Sultani. (Ndiyo, baiskeli alikuwa "wake". Mwenye Sultani peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumpa baiskeli ngeli ya mtu.) Lakini Sultani alikuwa na ugonjwa: mipira ya breki imelika, na mipya ilikuwa imeadimika Kampala kama sukari na chumvi. Mwalimu akachukua kisu, akakata kandambili za Hortense, akapachika vipande.

"Weye! Zile kandambili nivae nini sasa?"

"Vaa subira. Mume wako anakwenda kuwa mtu mkubwa!"

Mteremko wa Makindye ulianza vizuri. Tai ilipepea, kuku walipisha, mama mmoja akainama kwa heshima. Mwalimu akabana breki kidogo ili aonekane vizuri zaidi. Sultani hakusikia. Akabana kwa nguvu. Vipande vya kandambili vikaruka, kimoja kushoto, kimoja kulia, kama panzi waliogombana!

Hapo Mombasa yote ikamtoka kichwani.

"Breki amekufa! Bannange, ndugu zangu, Breki amekufaaa!"

Sasa hapo ndipo balaa lilipovaa viatu. Kwenye kizuizi cha chini alizoea kusimama Sajini Jafar, ambaye mlima mzima ulimwita Breki, maana akiinua kidole kimoja lori la mchanga linasimama na dereva anasahau jina la baba yake. Na asubuhi ile Sajini hakuonekana kazini.

"Nani amekufa?" akauliza muuza nyanya.

"Breki!"

"Labda breki ya baiskeli?"

"Wewe! Yule ni Mwalimu Erinayo! Zingekuwa za baiskeli angesema zimekufa. Amesema a-me-ku-fa. Ni mtu huyo!"

"Kitalo! Kitalo! Msiba!" Vilio vikapanda mlima kwa kasi kuliko gari la zimamoto. Wanawake wakajifunga vitambaa viunoni, wanaume wakatafuta kuni.

Mwalimu hakuyaona hayo. Alikuwa anaingia, kichwa mbele, katika lundo la mafenesi. Mguu ukavunjika, mtulinga ukavunjika, na ulimbo wa fenesi ukamgandisha nywele na tai pamoja. Hospitali muuguzi alijaribu mafuta ya taa, akachoka, akachukua wembe.

Aliporudishwa nyumbani, darasa lilihamia chumbani kumpa pole. Naye akawapa hadithi: kulikuwa na lori, nyuma ya lori kulikuwa na mtoto, na yeye, kwa huruma, akachagua mafenesi.

"Na breki je, Mwalimu?"

"Breki zilikuwa imara!"

Mlango ukapigwa teke. Aliingia marehemu.

Sajini Jafar alikuwa amelala kwa bibi mdogo huko Ntinda, mahali ambapo bibi mkubwa hakupajua. Aliporudi kwake alikuta turubai, watu wamejaa, na mbuzi wake mwenyewe yumo sufuriani kwa ajili ya matanga yake mwenyewe. Waombolezaji walipomwona walitoboa ua wakakimbia bila kutafuta mlango. Bibi mkubwa hakukimbia. Aliuliza tu: "Kama wewe hapana kufa, ulikuwa wapi?" Sajini alitamani afe kweli.

"Nani hapa Mwalimu?" akanguruma.

Darasa zima likanyoosha vidole. Wanafunzi wema hao!

"Wewe natangaza mimi nakufa? Unajua habari ya uongo juu ya askari, mtu nakwenda wapi?"

Kila mtu alijua. Nje gari lilikuwa linanguruma, na buti lake lilikuwa wazi.

"A-afande, mimi nilisema za baiskeli. Nilisema breki zi-zimekufa."

"Hapana, Mwalimu!" darasa likasaidia kwa sauti moja. "Ulisema amekufa! Tulikusikia!"

Jasho likamtiririka mpaka ndani ya plasta. Akishikilia kwamba hakosei ngeli, basi alitangaza kifo cha askari. Akitaka uhai, ngeli ife!

"Breki ni mutu ao kitu, baba?" Hortense akamsukuma kwa kiwiko, akiwa peku.

"Kitu."

"Sema kwa nguvu!"

"Kitu, afande! Nilikosea! Ngeli ilinitoka! Kiswahili changu ni cha... ni cha hapahapa!"

Sajini akamtazama, akaitazama plasta, akakitazama kile kichwa kilichong'aa. Akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani.

"Sawa. Ukipona, utasukuma baiskeli mlima mzima, nasema: Breki ni mzima, alikuwa kazini Ntinda! Kazini, unasikia? Kwa nguvu, bibi yangu asikie!"

Na alisukuma! Akichechemea, akitangaza, na watoto wote wa Makindye wakimwitikia nyuma. Ile kazi ya ukalimani ilipata mtu mwingine.

Miaka ikapita, wanajeshi wale wakakimbia na magari yao. Laker akawa msichana mrefu wa sekondari, mdomo bado hauna kufuli. Jioni moja alimkuta Erinayo uani, anapangusa vumbi kwenye viti vya darasa. Mwalimu siku hizi alikuwa Hortense.

"Laker," Erinayo akasema polepole, bila kuinua macho, "lile swali lako la Mombasa. Sijui, mwanangu. Mimi treni ilinishusha Tororo, hata mpaka wa Kenya sikuuvuka."