Mafundi Cherehani Halisi

Habari iliyoliwasha benchi la kahawa asubuhi ile aliisoma Redio, mstaafu asiyeweza kusoma kimoyomoyo. Ilisema kwamba katika ule mtandao wa kijamii usio na mwenyewe, ambamo yeyote aweza kufungua kituo chake na makundi yake, watu walikuwa wakizidi kutawanyika katika makundi yenye jina lilelile na mazungumzo yaleyale.

"Walimkimbia bosi," akasema Kinyozi, "sasa kila mtu bosi."

Fundi Nguo hakucheka. Tangu jana cherehani yake ilikuwa ikiruka mishono, na gauni la bibi harusi, lililobakiza pindo tu, lingefuatwa adhuhuri. Alikuwa ameomba msaada katika kundi la Mafundi Cherehani, akaambulia pole tele, jibu hakuna.

"Uliuliza Mafundi Cherehani ya kituo gani?" akauliza Spana, mtengeneza mashine, aliyeketi naye bega kwa bega.

"Cha Kinyozi."

"Hilo feki. Halisi ni langu."

"Mimi nilifungua kwanza," Kinyozi akadakia.

"Wewe na cherehani wapi na wapi?"

"Kundi halishonwi, kaka. Linaendeshwa."

Fundi Nguo akamgeukia Spana. "Kwa hiyo swali langu hukuliona?"

"Nililiona. Vituo vinaonana. Ila nikijibu kule, nitakuwa nimelitambua kundi lake."

"Basi nijibu hapa."

"Nikimaliza maneno hapa, kundi langu litakula nini? Uliza kwangu, jibu libaki, liwafae na wengine."

"Spana, magoti yetu yanagusana."

"Ndiyo maana nakusemesha kwa upole."

Fundi Nguo akatoa simu, akaomba kujiunga. Simu ikamjibu kwamba amezuiwa.

"Ah, hiyo," Spana akajikuna shingo. "Nimewafungia wote wanaotoka kwa Kinyozi. Kukufungulia, lazima msimamizi mwenzangu akubali."

"Ni nani?"

Spana akamwelekezea Redio kidevu.

"Mimi nilijiuzulu jana," akasema Redio, akipuliza kahawa yake. "Ugomvi wenu ulinichosha. Nimefungua la kuwaunganisha."

"Linaitwaje?" akauliza Kinyozi.

"Mafundi Cherehani."

Hapo zogo likapanda, kila mmoja akimwita mwenzake mgawa watu. Fundi Nguo alifikiria lile gauni jeupe lililoning'inia ukutani, akamfikiria na mama wa bibi harusi, ambaye hata akiwa na furaha huongea kama anayedai. Akainuka bila kuaga, akaingia dukani mwake, nyuma ya benchi, akarudi ameikumbatia cherehani, akaitua mapajani mwa Spana.

Mikono ya Spana haikuwa na kundi. Ilizungusha gurudumu, ikapapasa, ikasimama.

"Fundi," akasema polepole, "nani aliweka sindano hii?"

"Mimi. Jana."

"Umeiweka nyuma mbele."

Benchi zima likamgeukia Fundi Nguo. Miaka yote ile ya kushona, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nawaombeni, ndugu zangu," akanong'ona Fundi Nguo, "hili liishie hapa."

Spana alikuwa keshaipiga picha ile sindano.

"Nitumie na mimi," akasema Kinyozi.

"Na mimi," akasema Redio.

Pindo liliisha kabla ya adhuhuri. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Mafundi Cherehani wote waliongea kwa sauti moja.