Ombi la Kuwaachisha Kazi Wasikilizaji wa Kipindi cha Jumapili

Norsborg,
Novemba 1985

Kwa Ndugu Ladislaus,
Mwenyekiti, Chama cha Wapenda Muziki wa Afrika Mashariki,
Stockholm.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ukiona wino umechuruzika ujue ni maji, wala si machozi. Machozi yamo kwenye lalamiko la pili.

Kama unavyojua, mimi ndiye mtangazaji, fundi mitambo, mbeba santuri na mfagiaji wa kipindi chetu cha muziki kwenye redio ya mtaa, kila Jumapili alasiri. Siku nyingine nawaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, jioni nasoma Kiswidi, na katikati hapo nina mume, na watoto ambao nikiwauliza kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi. Sijawahi kulalamika. Muziki haunisumbui. Kipaza sauti hakinisumbui. Baada ya kufikiri sana nimegundua kwamba kipindi chetu kina tatizo moja tu, nalo ni wasikilizaji. Kwa heshima zote, naomba waachishwe kazi.

Sababu zangu ni hizi.

1. Wananijua. Nilipokubali kazi hii uliniambia redio ni kuzungumza na watu usiowaona. Sasa wananiona wao. Juzi nilikuwa nimesinzia kwenye treni baada ya zamu, bwana mmoja akanigusa bega: "Dada Clementina, ule wimbo wa Jumapili mbona uliukata kabla ya gitaa?" Niliukata kwa sababu muda ulikwisha. Akashuka nami kwenye kituo changu, ambacho si chake, ili anieleze lile gitaa linavyokwenda. Aliliimba. Lote.

2. Wanatumiana salamu. Hapa ndipo penye kidonda, nivumilie.

Mwezi uliopita Noeline, yule binti Mganda anayefanya kazi ya ushonaji, alipiga simu studio akaomba wimbo wa taratibu "kwa Petero wa Akalla, na asante kwa chakula kile". Nikasoma kama nilivyopewa. Sikujua kwamba Akalla ina Petero wawili. Mmoja ni kapera, na ndiye aliyepika. Mwingine ni mume wa Winifrida, ambaye tangu azaliwe hajachemsha hata yai. Saa hiyo Winifrida alikuwa anapiga pasi, redio ikiimba.

Wimbo haujaisha, simu ikalia. "Clementina! Mume wangu kapika? Kampikia nani?"

Nikamjibu kwa uungwana kwamba mimi nasoma tu.

"Basi nakuja unisomee vizuri."

Na akaja. Alitoka Akalla, mwisho wa reli ya buluu, mpaka huku kwetu, mwisho wa reli nyekundu, akagonga kioo cha studio nikiwa hewani, mkononi ameshika pasi. Haikuwa ya moto tena, lakini studio yetu ni ndogo.

Jumapili iliyofuata nikatangaza masahihisho: Petero aliyekusudiwa ni yule kapera, si mume wa mtu. Nikadhani nimemaliza. Kesho yake jioni mume wa Winifrida akabisha hodi kwangu, akakaa sebuleni, kofia magotini.

"Shemeji, umeniharibia."

Kumbe wiki nzima ile Winifrida, akiamini kuna mwanamke anamtaka mumewe, alikuwa anampokea mlangoni na kumuuliza habari za kazi. Naye Petero, kwa kuwa ameshatuhumiwa kupika, alilazimishwa apike. "Tulikuwa tunapika pamoja, shemeji. Tunacheka. Uliposema si mimi, akanitazama kama anavyotazama kiti." Akaniomba nimrudishie zile salamu. Machozi niliyokuahidi ni haya, nayo ni yake. Yalilowesha kitambaa cha kochi.

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni Mkatoliki, siwezi kusema uongo hewani. Nilipiga wimbo nikasema: "Huu ni kwa kina Petero wote wa Akalla, wanaopika na wanaojifunza." Petero kapera akakasirika kwa kuchanganywa na mtu asiyejua kupika. Noeline akakasirika kwa sababu Petero kakasirika. Winifrida akapiga simu kuuliza anayejifunza ni yupi. Nikamwambia.

"Anaunguza vitunguu," akasema. "Lakini usimwambie kwamba nimekula."

Nasikia sasa kila Jumapili wanapika wote wawili, redio wameizima kabisa kwa kuogopa nitakachosema. Hao ndio wasikilizaji wa mfano. Naomba wengine waige.

3. Lalamiko hili nimelifuta baada ya mume wangu Zephania kulisoma, kwani lilimhusu yeye, na jinsi anavyokoroma mbele ya redio kisha kunipongeza kwa kipindi kizuri.

4. Wameiteka simu yangu. Wanapiga kuuliza pilipili kali zinauzwa wapi, barua ya daktari maana yake nini, na kama nyumba ya wazee inatafuta watu. Anayeuliza habari za muziki hakuna. Binti yangu mdogo amechoka, sasa akiinua tu mkono wa simu husema "Mamma badar", mama anaoga, hata nikiwa nimesimama mbele yake. Mji mzima unaamini mimi ni mtu msafi kupita kiasi.

Kwa hiyo napendekeza wasikilizaji wote wapewe notisi. Atakayetaka kubaki aje mbele ya kamati aape kwamba hana mke, hana jirani, na hamjui mtu yeyote aitwaye Petero. Wakishindikana, basi nguvu ya mitambo ipunguzwe mpaka sauti isivuke mlango wa studio. Nitapiga santuri, nitataja saa, nitaaga, hakuna atakayesikia, na nitawahi kupumzisha miguu. Nina hakika kipindi kitakuwa bora kuliko vyote mjini.

Wasalimie wanakamati, mkeo na watoto. Wasikilizaji usiwasalimie, wakisalimiwa wanajibu.

Ni mimi, mtangazaji wako mtiifu na mchovu,

Clementina Kokushubira

Baada ya sahihi: Nilikuwa nafunga bahasha, simu ikalia, nikapokea mwenyewe. Alikuwa Achola, yule dada Mganda aliyefika huku mwaka huu akiwa peke yake na mimba. Yuko hospitali. Amejifungua leo asubuhi mtoto wa kiume. Yeye na mumewe, Bethuel, walipotezana mpakani wakati wa kukimbia vita, na hajui kama mume yu hai au yuko nchi gani. Anaomba nitangaze kwamba mtoto amezaliwa na wote ni wazima. Nikamwambia, "Mdogo wangu, redio yetu haifiki hata Uppsala."

"Najua, dada. Lakini anayesikia ana binamu, na binamu ana simu."

Nikamuuliza anataka hasa nani asikie.

"Wote. Usimwache hata mmoja."

Basi, Ndugu Mwenyekiti, warudishe wasikilizaji wote, hasa wale wanaojuana sana na wasioweza kukaa na neno. Kama mitambo inaweza kuongezwa nguvu, iongezwe kabla ya Jumapili. Jina la Bethuel nitalisoma mwanzo, katikati na mwisho. La mtoto bado sina. Achola anasema atakayempa jina ni baba yake.