Muhuri wa Matembezi ya Kumi na Mbili

Inatangazwa kwa umma kwamba Kitengo cha Lugha kwa Njia ya Matembezi ya Kiutamaduni, katika halmashauri ya Oberlohwang, Bavaria, kimevuka malengo yake ya mwaka kwa asilimia mia na arobaini. Natangaza mimi mwenyewe, Ludwig Prechtl, mwasisi wa kitengo na mkuu wake, ingawa kwa sasa niko masomoni.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuwafundisha Kijerumani vijana wakimbizi ishirini na watatu. Darasa nililikataa tangu mwanzo. Darasa lina vitabu, na vitabu huleta maswali. Tuliwatoa nje wakaone mila. Matembezi ya kwanza yalikuwa kwenye mapipa manne ya taka mbele ya ofisi yangu, kwa muda wa saa mbili na nusu, mvua ikinyesha. Ya tatu tulisimama kwenye taa za barabarani pale njia panda, ambapo gari hupita likiwa limepotea njia, tukajifunza kungoja kijani. Ya tano yalihusu soseji nyeupe, ambazo kwetu haziruhusiwi kusikia kengele ya saa sita mchana; zinatakiwa ziwe tumboni kabla haijalia. Wakati wote huo nilizungumza mimi peke yangu, Kijerumani kilichonyooka, na vijana wakanyamaza kama kanuni inavyotaka. Wakisema watakosea, na wakikosea takwimu zitashuka.

Kila matembezi yana muhuri wake kwenye fomu ya kijani. Mihuri kumi na miwili ndiyo cheti. Bila cheti mtu hapati mkataba wa kujifunza kazi, na bila mkataba hapati kibali cha kukaa nchini.

Siku mbili kabla ya Mei mosi alikuja ofisini Tesfalem, kijana wa Eritrea, miaka kumi na tisa, vumbi la mbao kwenye nywele. Mama Walburga, seremala wetu mwenye ulimi mkali kuliko randa, alikuwa tayari kumchukua karakanani.

"Bwana Prechtl, mkataba mwisho keshokutwa jioni," alisema. "Na kibali changu kinaisha siku hiyohiyo. Nina mihuri kumi na mmoja."

"Hongera sana. Umebakiwa na mmoja tu, wa kulinda mlingoti wa Mei."

"Jana nilikuja kulinda, ukanifukuza."

"Kwa sababu mlingoti hulindwa na wakazi wa Oberlohwang."

"Kwani mimi naishi wapi?"

Nilimwonyesha kwenye ramani, kwa upole. Bweni lao nilipigania mwenyewe lijengwe ng'ambo ya kijito, hatua arobaini nje ya mpaka wetu, wasije wakatuvurugia hesabu ya wakazi. Nikampa na nakala ya barua yangu: "Wakaao bwenini si wakazi wa Oberlohwang kwa jambo lolote, la sasa wala la baadaye."

"Sasa huo muhuri nitaupataje, baba?"

"Kijana, mimi sina ubaya na wewe. Fomu ndiyo imekataa."

Mlangoni alikuwa amesimama Zarmina, binti wa Kiafghani anayetaka uuguzi. Huyu anasema Kijerumani cha kienyeji kabisa, alichokiokota kwa vikongwe wa kituo cha basi, kwa hiyo kitengo hakikitambui. Akauliza kama barua ile wanaweza kubaki nayo. Nikawapa kwa moyo mweupe, tena nikaigonga muhuri.

Mila yenyewe nawakumbusha kwa ufupi. Kijiji hutayarisha mti wa mita thelathini, huupaka rangi nyeupe na buluu, kisha huulinda hadi Mei mosi, maana watu wa kijiji kingine wana haki ya kuuiba. Polisi hawaingilii. Mlinzi akiuwekea mkono kabla haujavuka mpaka, akasema "Mlingoti unabaki hapa," wezi huuweka chini wakaenda zao. Ukishavuka, kijiji hulipa chochote wezi watakachodai, kwa kawaida bia na nyama, au hukaa na aibu mwaka mzima. Haya yote niliyafundisha mimi katika matembezi ya tisa, kwa saa tatu, na hakuna aliyesinzia. Ningetakiwa kushtuka pale.

Tarehe thelathini Aprili zamu ilikuwa yangu, saa tatu hadi saa saba. Ilipofika saa tano na nusu, Mheshimiwa Meya Stadlhuber alinipungia mkono kutoka dirisha la hoteli. Soseji zilikuwa tayari mezani na kengele haikuwa mbali. Nikamwachia mlingoti ubao ulioandikwa "Mlinzi Anarudi."

Tulikuwa tunachovya soseji ya pili kwenye haradali tamu nilipowaona vijana wangu njia panda. Walikuwa wote ishirini na watatu, mstari mmoja, wamebeba kitu kirefu mabegani. Taa ilikuwa nyekundu, na wao wamesimama kimya. Barabara ilikuwa tupu pande zote.

"Mheshimiwa, tazama matunda ya kitengo!" nikasema. "Hakuna hata mmoja aliyetia mguu barabarani."

"Safi sana," akasema Meya, mdomo umejaa. "Wamebeba nini vile?"

"Utamaduni, Mheshimiwa."

Taa ikawa kijani. Tesfalem, aliyekuwa mbele, alitupungia mkono. Nasi tukampungia. Nikaandika kwenye daftari: nidhamu imepanda.

Saa sita na robo nilirudi uwanjani nikakuta ubao wangu uko peke yake.

Meya alipiga simu polisi. Askari alicheka mpaka akakohoa. "Mheshimiwa, mimi mzaliwa wa hapa," alisema. "Unataka niende wapi na aibu hiyo? Kakomboeni mti wenu." Basi tukavuka kijito kwa miguu, mimi na Meya na kreti mbili za bia.

Mlingoti ulikuwa umelazwa mbele ya bweni juu ya viti, haujachubuka hata rangi. Mama Walburga alikuwa amefika kabla yetu, amekaa kwenye ncha yake anakula dengu kwa mkate, mkataba unachungulia mfukoni mwa aproni.

"Bia rudini nazo, wengi wetu hatunywi," alisema Zarmina. "Tunataka mihuri. Fomu ishirini na tatu, leo hii."

Meya aliwaka. "Acheni utoto! Ninyi ni watu wetu, vijana wa hapahapa. Tangu lini mtu akaiba mlingoti wa kwao?"

"Kumbe sisi wa hapahapa!" Zarmina akawageukia wenzake. "Mmesikia jamani? Haya Mheshimiwa, mkazi aliyekaa na mlingoti tangu saa tano na nusu, haujapata hata mchubuko, huyo kalinda au hakulinda? Gonga muhuri."

Hapo niliona nitumie utaalamu wangu. "Hapana, hapana. Kisheria hawa si wakazi hata kidogo."

"Basi ni watu wa kijiji kingine, na tumeiba kwa haki. Ukombozi wetu ni mihuri. Gonga vilevile." Akaikunjua ile barua, muhuri wangu unang'aa chini yake.

Meya aliisoma mara mbili. "Prechtl," akaniuliza taratibu, "hii takataka nani kaiandika?"

"Umejipalia makaa, Ludwig," alisema Mama Walburga, anajifuta midomo. "Gonga bwana, mtoto ana kazi ya kuanza."

Niligonga mihuri ishirini na mitatu nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi. Tesfalem alitia saini mkataba wake juu ya mlingoti wenyewe, saa tisa na dakika ishirini, kisha akalia waziwazi, hakujificha. Mama Walburga alimshika kisogo akamtikisa kama mwanawe. Kwenye taarifa, sababu ya machozi hayo niliandika mafua.

Nilidhani mambo yameishia pale. Mwezi uliofuata baraza la kijiji likaazimia kwamba mlinzi aliyepoteza mlingoti amepungukiwa na utamaduni, na asirudi kwenye kiti chake mpaka apate cheti. Mkufunzi, kwa mujibu wa kifungu cha nne nilichokiandika mwenyewe, lazima awe na cheti hicho. Walipotafuta walikuta wenye cheti Bavaria nzima ni watu ishirini na watatu.

Nimefanya matembezi yote. Nimesimama kwenye mapipa, mvua ikininyeshea. Nimengoja kijani. Leo asubuhi nimempelekea mkufunzi wangu fomu, ina mihuri kumi na mmoja.

Zarmina alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, akaisoma fomu hadi mwisho. "Umebakiwa na kulinda mlingoti, baba. Hiyo ni mwakani, Aprili."

"Mwakani! Na kiti changu je? Binti yangu, fanya ubinadamu."

Aliniangalia kwa huruma, ya kweli kabisa nadhani, akanirudishia fomu.

"Baba, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Fomu ndiyo imekataa."