Zeituni Nilizochuma kwa Mikono Yangu

Ijumaa, 25 Oktoba 2013. Joto limepungua kidogo, lakini vumbi limefunika anga tangu asubuhi na miti ya barabarani imekuwa rangi ya unga wa mtama.

Jamani, leo nimejianika mwenyewe juani, na hakuna aliyenisukuma.

Nianze na safari, maana bila safari hakuna aibu. Likizo ya Idi, familia ya Kiarabu ninayoifanyia kazi hapa Umm Salal ilikwenda Uturuki, mji mdogo kando ya bahari ya Mediterania, nami nikaenda nao kuangalia watoto. Siku sita. (Kwenye picha nilizowatumia watu wa nyumbani naonekana mtalii. Watoto watatu walikuwa nyuma ya kamera wakilia.) Sitasema uongo, mji ni mzuri. Nyumba nyeupe, ngazi kila mahali, paka wanakaa kwenye viti vya mkahawa na hakuna anayewafukuza. Ila bahari yao sikuielewa. Mimi ni mtu wa Mtwapa. Niliwaambia watoto wasubiri maji yapwe twende kuokota makombe. Tukasubiri siku tatu. Maji hayaendi popote. Yule mkubwa akaniuliza, "Pendo, una hakika kwenu kuna bahari?"

Kila asubuhi mezani kulikuwa na zeituni. Watu wanazila na jibini kama sisi tunavyokula mahamri na mbaazi. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na mzeituni wa jirani, bibi mzee, na zeituni zimeiva, nyeusi, zinang'aa kama zambarau. Nikamwonyesha kwa mkono: nichume? Akacheka, akatikisa kichwa, akaniacha. Nikasema watu wa hapa ni wakarimu. (Nikifikiria sasa, kile kichwa kilikuwa kinaniambia kitu.) Nikachuma kama kilo mbili, nikazifunga kwenye leso, nikaziweka chini kabisa ya sanduku. Sikuonja hata moja. Zawadi ya watu huanzi kuila wewe.

Sasa leo. Kikundi chetu cha Wakenya kilikutana kwa Agnes, nesi, ili tumchague msimamizi wa jiko la Krismasi. Huu ni mwaka wa tatu mimi naosha vikombe tu. Cheo hicho nilikitaka, sifichi. Mpinzani wangu ni Rehema, mpishi wa hoteli, ambaye kwa kweli anapika kunishinda, lakini alikuwa bado kazini. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nami nimetembea, vyakula vya watu navijua. Nikamimina zeituni kwenye sinia la Agnes, nikatoa na hotuba fupi.

Baba Shem, mwenyekiti wetu, mlinzi wa jengo moja kule Lusail, akachukua tatu kwa mpigo akatia kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaanza tena, polepole.

"Zikoje, Baba Shem?"

"Zina nguvu," akasema.

Wengine nao wakachukua. Watu tisa wanatafuna wakitazama zulia. Agnes akasema zinaonekana ni nzuri kwa afya. Nikafurahi, nikamwongezea. Mwenyekiti pia nikamwongezea, kwa heshima ya cheo. "Asante, dada," akasema, macho mekundu, akala. Kwetu hutemi zawadi ya mtu aliyetoka safari, yeye akiwa anakutazama. Na mimi nilikuwa nawatazama sana.

Ndipo Rehema akaingia, bado amevaa nguo za jikoni. Akatazama sinia, akabonyeza moja kwa kidole. Akaniinamia sikioni, kwa upole kabisa (lazima nimpe haki yake): "Pendo, hizi umeziloweka kwenye chumvi wiki ngapi?"

Ningemjibu kwa sauti ndogo kama yake, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nilidhani ananitega kwa sababu ya uchaguzi. Nikasema wote wasikie: "Niziloweke za nini? Hizi ni za mtini, nimechuma kwa mikono yangu."

"Za mtini haziliwi hivi hivi," akasema Rehema. Sikuwa nimemwachia la kufanya.

Mwenyekiti ndiye aliyefika kwanza kwenye sinki. Foleni ikafuata nyuma yake, Agnes na leso mdomoni. Nikachukua moja nikaonja. Wallahi, mwarobaini ni asali. Ulimi ulikunjamana kama karatasi.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

Baba Shem akajifuta mdomo. "Dada, nilidhani ndivyo wanavyokula huko. Mimi ni nani nibishane na Waturuki? Nimemeza saba."

"Nane," akasema Agnes. "Nilikuwa nakuhesabu nipate moyo."

Kura tulipiga baada ya chai, kwa vikaratasi. Rehema kumi, mimi moja. Kura yangu nilikuwa nimempa Rehema, kwa sababu ndivyo ilivyostahili, kwa hiyo ile moja haikuwa yangu. Nikamtazama Rehema. Akajifanya anatafuta sukari. Kisha akasimama kushukuru, na jambo la kwanza akatangaza kwamba msaidizi wake ni mimi.

"Sawa," akasema Baba Shem, "lakini aonje yeye kwanza."

Walicheka, nami nikacheka, ingawa mimi nilichelewa kidogo kuanza.

Nimerudi Umm Salal jua likizama. Jioni nyumbani tumekula machbus, ule wali wao wa viungo, na kuku. Nimekula sahani mbili. Aibu haishibishi mtu.