Baiskeli ya Wacuka na Mkebe wa Mafuta ya Mgando

Jumatatu, 8 Novemba 2004, Fort Worth

Pelagia wangu,

Jana niliaibika, lakini ni kwa muda tu. Unazijua mbio za binti yetu: baiskeli, bustani ya umma, mvua, matope mpaka kwenye kope. Jana alikuwa na mbio mbili, za saa nne na za saa sita, na baiskeli ni moja. Katikati lazima ioshwe. Hiyo ni kazi yangu tangu ulipotuacha Februari. Ndiyo saa pekee katika wiki ambayo Wacuka ananitazama usoni.

Niliosha kwa ndoo, brashi na mswaki. Niliosha vizuri mno! Wenzake wakijipanga mstarini, mimi bado nilikuwa kwenye cheni. Akaanza wa mwisho. Baadaye akaniambia kwa Kiingereza, bila hasira (hapo ndipo palipouma), kwamba Jumamosi baiskeli ataiosha Onyancha. Mimi nikae tu kwenye kiti.

Nikae kwenye kiti!

Jumanne, 9 Novemba

Unamkumbuka Onyancha, nesi wa kanisani, aliyekuletea uji hospitalini kila Alhamisi. Mtu mwema. Simpendi. Ana mashine ya kuoshea yenye injini, na mfukoni hakosi kipimo cha presha. Leo amenipigia simu kunipa pole. Eti, "Baba Wacuka, wewe pumzika tu, hii kazi tuachie sisi vijana." Ana miaka hamsini na minne!

Nilipeleka maziwa kwa baiskeli miaka kumi na mmoja, kwenye matope ya Murang'a. Wewe mwenyewe nilikubeba kwenye keria. Ulishika koti, si kiuno, kwa sababu mama yako alikuwa amesimama langoni.

Huyu wa mashine atanifundisha nini?

Jumatano, 10 Novemba

Nimepata!

Wazo lilinijia kazini, nikimpaka mafuta miguuni mzee mmoja pale nyumba ya wazee. Kosa la watu wote ni kuosha matope. Mwerevu hayaachi yashike! Nimerudi nyumbani, nikapaka koleo mafuta ya mgando nusu moja, nikalichomeka nyuma ya nyumba. Udongo wa hapa ni mweusi na unanata kama ugali mbichi. Nusu yenye mafuta ilitoka safi. Nusu nyingine ilitoka na bustani.

Mkebe wako bado uko kwenye kabati la bafuni. Alama ya vidole vyako viwili bado imo. Sikuugusa. Nimenunua mwingine, mkubwa zaidi.

Ulivyokuwa ukimpaka Wacuka kila Jumapili! Uso, magoti, nyuma ya masikio. Siku moja aling'aa mpaka akateleza kutoka mapajani mwangu katikati ya mahubiri. Tulicheka mpaka padri akanyamaza. Kumbukumbu tamu. Haihusiani na mpango.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua usiku kucha, na bado inanyesha. Mungu yuko upande wangu.

Jumamosi, 13 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua kidogo kwa chai.

Mbio za kwanza zilikwenda salama. Onyancha akawasha mashine yake, akaosha. Ilibaki kumwondoa. Nikamwambia waamuzi wanatafuta nesi. Uongo mdogo. Alikwenda mbio, kipimo tayari mkononi! Waamuzi hawakuwa wamemwita, lakini walifurahi. Walikunja mikono ya mashati, wakapanga foleni kwenye hema lao.

Nikafungua mkebe. Nilipaka kama ulivyokuwa ukipaka wewe. Fremu, usukani, magurudumu, rimu, breki. Hakuna kona niliyoruka. Iling'aa kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Wacuka akaitazama, akanitazama mimi, lakini filimbi ilikuwa imelia.

Pelagia, ungeona! Matope hayakushika! Kwenye tambarare aliwapita wanawake sita. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Kisha njia ikashika mteremko kuelekea hema la waamuzi.

Alifinya breki. Nilimwona akifinya. Breki zilishika rimu kwa upole, zikaiachia.

Akalia, "Daaad!" Akakata utepe, akaingia hemani, akatoka upande wa pili. Wacuka hana hata mkwaruzo, namshukuru Mungu. Waamuzi wazima. Chupa ya chai ya Onyancha iliruka hadi niliposimama, nilijaribu kuidaka, na sasa haipo tena. Onyancha anasema presha ya mwamuzi mkuu ilikuwa sawa kabisa mpaka dakika hiyo.

Njiani kurudi nyumbani Wacuka alitazama nje ya dirisha tu. Nadhani nimempoteza.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya kanisa nilimkuta gereji akifuta baiskeli kwa kitambaa. Nikachukua kitambaa kingine. Tukafuta pamoja. Kisha akainama, akanusa fremu. Akasema inanukia kama Mama.

Akaketi juu ya ndoo. Akaniuliza kama nakumbuka siku aliyoteleza kanisani. Nikamwambia nakumbuka. Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu Februari, kisha akalia, kisha akacheka tena. Akaniuliza, kwa Kiswahili, "Baba, kweli ulipaka hata breki?" Nikamjibu kwamba mama yake hakuwahi kuruka sehemu.

Jumamosi ijayo mbio ni Houston. Nitaosha mimi. Si Onyancha. Mimi! Sharti ni maji na brashi, na niape sitapaka tena mafuta ya mgando. Nikaapa, mkono juu ya tandiko la baiskeli.

Jumatatu, 15 Novemba

Kiapo ni kiapo. Mkebe mkubwa nimeuweka juu ya kabati, mbali. Wako uko mahali pake.

Ila nimefikiria kwa utulivu. Alitaja mafuta ya mgando. Samli hakuitaja. Leo nimepaka koleo samli, nikalichomeka. Matope yanadondoka yenyewe! Mbwa wa jirani amelilamba koleo lote, dalili kwamba ni samli bora. Kwenye breki nitapaka kidogo tu.

Jumamosi saa nne asubuhi, Pelagia, popote ulipo, unikumbuke.