Kipaimara na Ile "Haya" ya Baba

Jumatatu, 23 Machi 1953
Nimekwisha! Mchungaji Kornelio katangaza: Jumamosi kila mtoto wa kipaimara aje na baba yake, na baba aseme mbele ya wote kama ana kinyongo naye. Mwenye ugomvi nyumbani hapati kipaimara Jumapili ya Mitende. Na mimi Alhamisi iliyopita, kwa sababu tu hakuninunulia suruali ndefu, nilimwambia Baba heri ningezaliwa kwa akina Tobia. Tena mbele ya wageni. Ulimi hauna mfupa. Baba hakunichapa. Angenichapa yangeisha. Alisema "Haya," na tangu siku hiyo ndilo neno pekee ninalopata. Shikamoo Baba? Marahaba, haya. Tobia naye, mwenzangu wa kipaimara, anatembea polepole ili suruali yake ya dukani Lushoto tuione vizuri.

Jumanne, 24 Machi
Kuomba radhi mwenyewe siwezi, nina miaka kumi na mitano. Nimemtuma mdogo wangu Dorkasi, ujira wake muwa. Karudi. Baba kauliza kama aliyemtuma amevunjika miguu. Muwa kashaumaliza.

Alhamisi, 26 Machi
Nilidhani kazi itasema badala yangu. Jana alfajiri nikaenda kuchimba yale matuta ya amri ya serikali, ya kuzuia udongo usisombwe. Matano! Nikayachimba kufuata mteremko, maana hivyo jembe linashuka lenyewe. Usiku mvua. Maharage ya Mama yakasombwa hadi bondeni.

Asubuhi akaja Bwana Shamba Paskali anafoka, mpumbavu gani hajui kwamba matuta hukinga mteremko? Nikajibanza nyuma ya migomba. Baba akavua kofia.

"Ni mimi, bwana. Nilikosea."

Akasemwa kama mtoto, yeye aliyewafundisha kulima nusu ya kijiji. Nililia. Nilipaswa kutoka pale pale niseme ni mimi. Badala yake nikaenda kuota moto. Jioni nikamkuta anayafukia, nikashika jembe.

Jumamosi, 28 Machi
Nilikuwa na hotuba ya sentensi sita, zote nimezikariri. Baba akaulizwa, akasema hana kinyongo. Imekwisha! Hata hotuba haikuhitajika. Lakini nikamwona kashika ile kofia kwa mikono miwili, macho chini. Hotuba yote ikapotea.

"Baba, nisamehe. Sitaki kuzaliwa kwa akina Tobia."

Baba yake Tobia alikuwa benchi la mbele. Kanisa zima likageuka kututazama. Baba akanishika kichwa.

"Hata mimi sitaki uzaliwe huko."

Nikalia hadharani, kwikwi kabisa, na Tobia akaona. Nampenda sana Baba. Nimeliandika, basi.

Jumapili, 29 Machi
Nimepata kipaimara! Ndani ya suruali ya Baba, imefungwa kwa kamba ya katani. Sasa ni mtu mzima. Mchana nikala paja la kuku la Dorkasi. Alipolalamika nikamwambia, mbele ya Shangazi Rahabu, kwamba watoto hula shingo. Katoka analia, mpaka sasa hasemi nami. Mama kaagiza nikamwombe radhi. Mimi? Mkristo kamili, nimwangukie mtoto wa miaka sita?

Nimepata dawa. Nitamwandikia barua, ndefu, ya heshima. Kusoma bado hajui. Hadi ajue, hasira zitakuwa zimekwisha.